Je, Ni Halali Kuwahesabu Watoto Wagonjwa Wakati wa Vita?

Katika toleo hili tunataka kufikiri pamoja nanyi juu ya swali ambalo tuliulizwa na mama mmoja, na ambalo tangu siku ile halijatuacha.

Ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Mama huyo alitungojea nyuma ya kanisa, penye matanki ya maji, kwa sababu hakutaka kusikika. Alisema mtoto wake ana homa siku ya nne, macho mekundu, mafua, na sasa vipele vimeanza nyuma ya masikio na kushuka usoni. Asubuhi ya siku ile ile mhudumu wa afya wa kijiji, yule tunayemwita VHT, alipita na daftari lake akauliza kama kuna mtoto mgonjwa ndani. Mama alijibu, hakuna. Halafu akaja kwetu akasema: "Mchungaji, nimesema uongo. Lakini nilimficha kwa sababu nampenda. Je, nimetenda dhambi?"

Tulimwambia kwanza tumpeleke mtoto kituo cha afya, mengine tutayazungumza njiani. Tukaenda pamoja. Njiani akatueleza sababu zake, nazo zilikuwa mbili. Ya kwanza: aliwahi kuona familia moja, ambayo tayari ilikuwa na tarehe ya kusafiri kwenda nchi ya tatu, ikirudishwa nyuma kwa sababu mtoto mmoja alikutwa na vipele. Ya pili aliisema kwa sauti ya chini zaidi: "Kule kwetu, walioandikwa ndio waliotafutwa."

Mtoto alipewa vitamini A siku ile na siku iliyofuata, akapona. Watoto wa nyumba za jirani walichanjwa. Tunamshukuru Mungu. Lakini sababu ile ya pili tuliielewa kuliko mama yule alivyodhani, kwa maana nasi tunayo habari ya daftari. Wengi wenu hatujawahi kuwaambia.

Daftari la kilimani

Kanisa letu la zamani lilikuwa kilimani, katika eneo la Djugu, jimbo la Ituri. Mnajua jinsi kule kwetu nchi ilivyogawanywa katika maeneo ya afya, zaidi ya 500 kwa Kongo nzima, na kila eneo lina vituo vyake vidogo. Kila juma, Jumatatu mpaka Jumapili, kila kituo kinapaswa kutuma juu hesabu: wangapi wameugua surua, wangapi kipindupindu, wangapi homa ya uti wa mgongo, mtoto gani amelegea mguu ghafula kama mwenye kupooza. Muuguzi wa kituo hawezi kupita kila mlima. Kwa hiyo aliomba makanisa yamsaidie. Sisi, yaani mchungaji na mashemasi wawili, tulipewa daftari la shule lenye mistari. Tuliandika jina la mtoto, jina la baba, kijiji, umri, siku vipele vilipotokea, na kama amewahi kuchanjwa.

Mwishoni mwa mwaka 2017 surua iliingia. Katika majuma machache tulikuwa tumeandika watoto zaidi ya thelathini. Karibu na majina matano tulikuwa tumeweka msalaba mdogo.

Ndipo vita vikaanza upya. Nyumba zilichomwa kilima kwa kilima. Tukasikia kwamba katika njia kuu kuna watu wanaosimamisha wapita njia na kuuliza majina, kwa maana kule kwetu jina la baba linatosha kumjulisha mtu wewe ni wa kabila gani. Usiku ule tulikaa na lile daftari mezani. Ndani yake mlikuwa na majina ya baba zaidi ya thelathini, na kijiji cha kila mmoja. Lilikuwa limeandikwa ili kuokoa watoto. Lakini mkononi mwa mtu mwingine lingekuwa orodha ya wa kuuawa.

Tulilichoma. Tulilitia katika moto wa jikoni, karatasi kwa karatasi, na kabla ya alfajiri tukaondoka.

Hatukuwahi kutuma hesabu ya juma lile. Kituo kilivunjwa, dawa zikachukuliwa, na friji ya chanjo ikabebwa. Watu wetu walilala porini, halafu katika viwanja vya makanisa, wamebanana, wenye surua na wasio nayo. Mwanzoni mwa 2018 tulivuka Ziwa Albert pamoja na maelfu ya wengine. Kando ya ziwa, tukingoja mtumbwi, tulizika watoto watatu. Hakuna aliyewaandika popote. Katika karatasi za nchi yetu, watoto wale hawakuugua na hawakufa.

Basi, mama alipotuuliza kama ni dhambi kumficha mtoto asiandikwe, hatukuweza kumjibu haraka. Nasi tulikuwa tumeficha, tena watoto zaidi ya thelathini.

Kimya si afya

Kabla ya kuuliza kama ni halali, tuelewe kwanza kuhesabu huku kunafanya kazi gani. Wengi wanadhani ni mambo ya wazungu ya kujaza karatasi. Sivyo.

Surua huambukiza mno. Mtoto mmoja mwenye surua, akiwa kati ya watoto wasio na kinga, aweza kuambukiza kumi na wawili mpaka kumi na wanane. Anaanza kuambukiza kama siku nne kabla vipele havijaonekana, na anaendelea siku nne baada yake. Aliyeambukizwa hukaa siku kumi mpaka kumi na nne kabla ya vipele vyake kutokea. Maana yake ni kwamba ukimwona mtoto wa kwanza leo, wa pili wamekwisha kupandwa, lakini bado una siku chache za kuwatangulia. Mtoto akichanjwa ndani ya siku tatu baada ya kukutana na mgonjwa, anaweza kukingwa. Siku tatu tu! Mama akificha siku nne, mlango huo umefungwa kwa watoto wa jirani yake.

Tena, kila neno katika mstari wa daftari lina kazi. Kijiji kinaonyesha ugonjwa unaelekea wapi. Kama wagonjwa wengi hawakuchanjwa, tunajua chanjo haikufika. Kama wengi walichanjwa na bado wanaugua, tunaanza kuuliza kama friji ilizimika, kwa maana chanjo inataka ubaridi wa nyuzi 2 mpaka 8. Na umri ni kama kalenda ya vita. Tukiona wagonjwa wengi ni wa miaka sita na saba, tunajua kwamba miaka mitano au sita iliyopita kuna jambo lilizuia mama kufika kliniki, na mara nyingi jambo hilo ni bunduki. Mtoto anaugua leo kwa sababu ya barabara iliyofungwa alipokuwa na miezi tisa.

Na hapa kuna jambo ambalo muuguzi wetu alitufundisha, nasi tulilichukulia kama jambo dogo. Alisema: "Kama juma hili hakuna mgonjwa, msiache kutuma. Andikeni sifuri." Tulicheka. Kwa nini tutume habari ya kitu ambacho hakipo? Sasa tunaelewa. Sifuri ni neno la mtu aliyetazama na asione. Kimya ni cha mtu ambaye hakutazama, au amekimbia, au amekufa. Lakini katika karatasi ya mtu aliye mbali, sifuri na kimya vinafanana. Vita vinapoingia mahali, hesabu hukoma, na mahali pale huonekana kama pana afya kuliko pote. Kadiri watoto wanavyokufa wengi, ndivyo karatasi inavyokuwa nyeupe.

Mmesikia wengi wakisema kwamba vita vya Kongo viliua mamilioni. Habari hiyo haikutoka kwa majemadari. Ilitoka kwa watu waliokwenda nyumba kwa nyumba wakiuliza: nani amefariki hapa, alikuwa na umri gani, alikufa kwa nini? Shirika la International Rescue Committee lilianza kazi hiyo mashariki mwa Kongo mwaka 2000. Mwaka 2008 lilikadiria kwamba watu milioni 5.4 walikufa zaidi ya kawaida kati ya 1998 na 2007. Wataalamu wengine waliipinga idadi hiyo wakisema ni kubwa mno, na ni haki yao kubishana. Lakini jambo moja liliwagusa wengi: walio wengi hawakuuawa kwa risasi wala panga. Walikufa kwa malaria, kuhara, homa ya mapafu na utapiamlo. Na watoto chini ya miaka mitano, ambao ni kama mtu mmoja katika kila watano, walikuwa karibu nusu ya waliokufa. Bila wale waliouliza, ulimwengu ungehesabu waliopigwa risasi tu, na watoto wetu wangekufa nje ya vita, kana kwamba vita haviwahusu.

Kumbukeni pia miaka ya Ebola. Kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020, katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, Ebola iliua watu 2,287. Magari yalikuja, hema zikaja, wageni wakaja, nasi hatulaumu, kwa maana ule ni ugonjwa wa kutisha. Lakini miaka hiyo hiyo surua iliua watoto zaidi ya 7,000 katika Kongo. Surua haina jina la kutisha. Bibi zetu waliijua, na wengi wetu tuliipata. Isingehesabiwa, hakuna ambaye angeweza kusimama na kusema kwamba huyu tuliyemzoea ndiye anayetumaliza zaidi.

Wanaokataa, nao wana neno

Sasa tusikie upande wa pili, na tuusikie kwa heshima.

Wa kwanza ni wazee wetu. Wanasema watoto hawahesabiwi. Ukiulizwa una watoto wangapi, unajibu kwa kuzunguka, usije ukawavutia mabaya. Na wengine wanaleta Maandiko: Daudi alihesabu watu na tauni ikaja (2 Samweli 24). Je, si onyo?

Tumeisoma habari hiyo mara nyingi tangu tulipokuwa chuo cha Biblia. Tuangalie Daudi alihesabu nani. Alihesabu wanaume wawezao kushika upanga. Alitaka kujua nguvu zake. Hakuuliza ni mjane yupi hana chakula wala ni mtoto yupi ana homa. Lakini Musa naye alihesabu watu, tena kwa agizo, na hakulaumiwa. Na katika Mambo ya Walawi sura ya 13 kuhani anatazama ngozi ya mgonjwa, anamtenga siku saba, halafu anarudi kumtazama tena siku ya saba. Ile ni kazi ya VHT kabisa! Na yule mchungaji wa Luka 15 alijuaje kwamba mmoja amepotea? Alihesabu. Asiyehesabu kondoo wake hana wa kumtafuta. Kwa hiyo tusiulize tu kama mtu anahesabu. Tuulize anahesabu kwa ajili ya nani, na baada ya hesabu atakwenda wapi. Daudi alihesabu ili akae kitini ajivune. Mchungaji alihesabu ili atoke usiku.

Wa pili wanasema: Mungu anawajua watoto wetu wote, yatosha. Ni kweli anawajua, nasi tunalala usingizi kwa sababu ya neno hilo. Lakini kujua kwake hakukuwekwa kuwa udhuru wetu. Mungu anajua pia nani ana njaa, na bado tumeagizwa kulisha. Mtoto anayejulikana mbinguni na hajulikani kwenye kituo cha afya hapati vitamini.

Wa tatu wana uchungu, nasi tunauchukua kama wetu. Wanasema: "Tumehesabiwa mpaka tumechoka. Kila mwezi mtu na karatasi. Wanaandika, wanapiga picha, wanaondoka, na dawa hakuna." Ndugu zetu, hapa hatuna jibu la kuwanyamazisha. Kumwandika mtoto mgonjwa na kutorudi ni kosa. Anayechukua habari ya mtoto amechukua deni. Tuseme wazi: kama daftari halirudi na chanjo, na maji, na angalau na mtu wa kueleza kwa nini dawa haijafika, basi mama anayefunga mlango hajakosa peke yake.

Hata hivyo, tukumbuke tulipofika nchi hii Februari 2018. Kipindupindu kilitulaki tulipotoka ziwani, na katika wilaya ya Hoima watu zaidi ya 40 walifariki. Tulikuwa tukinywa maji ya ziwa na ya vijito. Wale wahudumu waliotuuliza kila asubuhi "nani ameharisha, mlichota wapi?" walitukera sana. Lakini kwa majibu yetu wenyewe walijua ni wapi pa kupeleka maji ya dawa na vyoo. Hatukuponywa na karatasi, lakini msaada ulipata njia kwa karatasi.

Wa nne ni yule mama, nasi tulio na jivu la daftari. Neno lao ni hili: orodha ni silaha. Hili ndilo zito kuliko yote. Hatuwezi kumwambia mtu aliyeona jirani akiuawa kwa sababu ya jina lake kwamba ana hofu za bure. Pale hofu inapokuwa na sababu, kumdharau mwenye hofu ni dhuluma ya pili.

Waliohesabu vizuri

Tuwape mifano mitatu, ili tuone kama kuna njia kati ya kuficha na kujianika.

Desemba 1966, mashariki mwa Nigeria, ndui ilizuka. Daktari mmisionari aitwaye William Foege alikuwa na chanjo kidogo isiyotosha watu wote. Wamisionari wa eneo lile walikuwa na desturi ya kuzungumza kwa redio kila jioni. Aliwaomba kila mmoja atume watu katika vijiji vya jirani, waulize kama kuna ndui, na kesho yake waseme kwa redio. Walitaja vijiji. Basi chanjo ile ndogo ikapelekwa palipo na ugonjwa, na pale ambapo soko na undugu vingeupeleka. Ndui ikazimika ingawa watu wengi wa eneo lile hawakuchanjwa. Mwaka uliofuata, 1967, vita vya Biafra vikaanza papo hapo. Fikirini ingekuwaje kama vita vingeikuta ndui bado inazunguka. Angalieni pia kile kilichosemwa katika redio jioni zile: kijiji, na kama kuna ugonjwa. Ili kujua chanjo iende wapi, jina la kijiji lilitosha.

Mfano wa pili ni wa Somalia, Oktoba 1977, wakati nchi ile inapigana na Ethiopia. Mpishi wa hospitali mjini Merca, Ali Maow Maalin, aliwahi kuwakwepa wachanjaji kwa kuogopa sindano. Aliugua ndui. Mwenyewe hakujitangaza, mfanyakazi mwenzake ndiye aliyetoa taarifa. Waliokutana naye wakatafutwa na kuchanjwa, ugonjwa ukaishia hapo, naye akapona. Akawa mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida, na mwaka 1980 ndui ikatangazwa kuwa imekwisha. Baadaye yeye mwenyewe alitembea nyumba kwa nyumba akiwasihi wazazi wawachanje watoto dhidi ya polio, akiwaeleza kosa lake, mpaka alipofariki mwaka 2013. Aliyejificha akawa mtafutaji.

Wa tatu ni El Salvador, mwaka 1985. Serikali na waasi walikuwa wakiuana. Kanisa Katoliki lilisaidia kuwapatanisha wakubaliane jambo moja tu: katika siku tatu, bunduki zinyamaze ili watoto wachanjwe. Watoto wapatao 250,000 walichanjwa. Vita havikuisha, vilirudi kesho yake. Lakini ilionekana kwamba hata wenye silaha wanaweza kukubali kwamba surua si ya upande wowote. Nchi yetu nayo ilionja jambo hili Agosti 1999, ulipotolewa wito wa kusimamisha mapigano ili watoto wapate matone ya polio. Wengine wenu mlikuwa watoto wakati ule, na matone yale yaliingia kinywani mwenu.

Sasa tazameni kinyume chake. Januari 2025 mapigano yalipoingia Goma, wagonjwa wa mpox zaidi ya 100 walitoka katika vituo walimotengwa wakakimbia. Hatuwalaumu, nani angebaki chini ya mabomu? Lakini kila mmoja alibeba ugonjwa kwenda mahali ambapo hakuna aliyemjua, na watoto ndio wanaougua mpox sana katika Kongo.

Basi tuseme nini?

Baada ya kupima pande zote, sisi tunasema hivi. Kuwahesabu watoto wagonjwa wakati wa vita ni halali, tena ni wajibu. Lakini ni wajibu wenye masharti, na masharti yako juu ya mwenye kalamu kabla hayajawa juu ya mama.

Mwenye kalamu asiandike zaidi ya anachohitaji. Palipo na hatari, aandike umri, kijiji, siku ya vipele, na chanjo, aache jina na kabila. Jina linahitajika tu kwa yule atakayerudi kumhudumia mtoto, na likae kwake. Asimpe karatasi hiyo mtu wa silaha, wala mtu wa siasa, wala jirani mdaku. Na arudi. Akikosa dawa, arudi hata mikono mitupu aseme ukweli.

Na mzazi asiseme uongo pale ambapo hatari haipo. Hapa makazini VHT ni jirani yetu. Tunachota maji naye. Kuahirishwa kwa safari ni hasara, hatukatai. Familia iliyongoja miaka kumi ikirudishwa nyuma kwa sababu ya vipele, machozi yao ni ya haki. Lakini pimeni: safari inaweza kupangwa tena, na mtoto mchanga wa jirani, ambaye bado hajafika umri wa chanjo, hana kinga nyingine ila ukweli wako. Wazee walisema: mficha maradhi, kifo kitamuumbua. Sisi tunaongeza kwamba mara nyingi kifo hicho hakimkuti mtoto wa aliyeficha. Humkuta wa jirani.

Nasi je, na daftari letu? Wapendwa, tumelala na swali hili miaka mingi. Hatutubu kwa kuchoma majina. Tungeyachoma tena leo. Lakini usiku ule tulichoma vitu viwili katika moto mmoja, na kimoja hakikustahili moto. Tungeweza kuhesabu kabla ya kuchoma: wagonjwa wangapi, wa umri gani, wa mlima upi, wafu wangapi. Mistari minne ingeingia katika kichwa cha mtu au katika kikaratasi kisicho na jina. Tungevuka nayo ziwa na kumwambia mhudumu wa kwanza tuliyemkuta: "Watu hawa wanakuja na surua, anzeni na watoto." Hatukusema. Tulikuwa na hofu, tukachoka, na tukaona kwamba kunyamaza ni salama. Kumbe ilikuwa salama yetu sisi watu wazima.

Mama yule alipotuuliza mara ya pili, tulipokuwa tukirudi kutoka kituoni, tulimjibu hivi: "Uongo wako ulitoka kwenye jeraha, na Mungu anajua majeraha. Lakini mwambie VHT kesho, kwa mdomo wako mwenyewe." Akaenda. Nasi siku ile ile tukaenda kwa VHT, tukakaa naye chini ya mwembe, tukamweleza habari ya kilima chetu, wale zaidi ya thelathini na wale watatu wa ziwani. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuna safu katika daftari lake ya jambo la zamani namna ile, lakini alichukua kalamu akaandika pembeni ya ukurasa: watoto watatu, surua, kando ya ziwa, 2018.

Ndiyo hesabu yetu, tumeileta ikiwa imechelewa. Kama nanyi mna yenu, ya watoto mliowazika njiani bila kuandikwa, milango ya kanisa iko wazi kila Alhamisi jioni. Njooni mseme. Hatutauliza majina msipotaka kuyataja.

Na mtoto akiamka na homa na macho mekundu, msingoje Jumapili. Mpelekeni siku hiyo hiyo.

Neema iwe nanyi nyote.